Gauni Lililoburuta Mbele

Kwa miaka thelathini na mmoja Zahiya alishona nguo katika mji mkongwe wa Mutsamudu, na katika miaka yote hiyo hakuna nguo yake iliyowahi kurudishwa. Watu walirudi, tena wengi, kutaka nguo ya pili, ya binti, ya mjukuu. Lakini nguo ikishavuka kizingiti chake ilikuwa imekwenda moja kwa moja. Kwa hiyo siku ile ya Julai, mwaka 2000, mke wa nahodha mmoja alipomwekea kifurushi juu ya meza ya cherehani, Zahiya alidhani ameletewa zawadi.

Alipokifungua alikuta gauni la dada yake. Lilikuwa la hariri ya zambarau, limetariziwa kifuani kwa uzi wa dhahabu. Alilishona kwa mwezi mzima, akalituma Moroni kwa ajili ya harusi ya mpwa wake, Chahida. Juu yake palikuwa na karatasi. Mwandiko ulikuwa wa Chahida, ila maneno yalikuwa ya mama yake, Batoul, na Zahiya angeyatambua hata gizani.

"Mdogo wangu, salaam nyingi. Gauni nimelipokea. Mbele linafagia sakafu, nyuma limepanda kama mkia wa jogoo. Kama siasa zenu huko zimekutia kiwi, sema mapema, nitafute fundi hapa hapa Moroni."

Zahiya alisoma mara mbili. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili masikio yalimwaka moto.

Alilitandaza gauni mezani, akachukua futi yake ya kupimia na lile daftari nene lenye jalada la kitambaa, ambamo aliandika vipimo vya kila mwanamke aliyewahi kusimama mbele yake. Akatafuta ukurasa wa Batoul wa mwaka 1993. Bega hadi kiuno, mbele: arobaini na mbili. Kiuno hadi chini: mia moja. Kimo kizima: mia moja hamsini na tisa. Akapima gauni mshono kwa mshono. Halikuzidi wala kupungua hata upana wa kucha.

"Mimi sikukosea," aliliambia cherehani lake. Kisha akachukua karatasi akaandika: "Dada yangu mpendwa, gauni ni sahihi. Aliyekosea ni wewe."

Jibu lilichukua siku tisa. Zama hizo Moroni na Mutsamudu zilikuwa hazisemeshani. Kisiwa cha Ndzuani, ulipo mji wa Mutsamudu, kilikuwa kimetangaza kujitenga na serikali ya Moroni miaka mitatu nyuma. Wanajeshi wa Moroni walikuja wakarudishwa. Na sasa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umekiwekea kisiwa vikwazo, mafuta yakawa ya kutafutwa kwa tochi na simu baina ya visiwa zikafa. Barua zilisafiri ndani ya vikapu vya watu. Jibu la Batoul lilikuja ndani ya kikapu cha vitunguu, nalo lilikuwa la mstari mmoja: "Basi njoo unishone mimi nilingane na gauni lako."

Harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Zahiya alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga Moroni mpaka wakubwa wapatane. Mwaka uliotangulia aliwaona kwa macho yake watu wa Ndzuani wakiteremka bandarini na magodoro vichwani, wamefukuzwa mitaani kule kwa sababu tu ya lafudhi zao. Batoul alikataa kuondoka. "Nimeolewa hapa, nimezaa hapa, na mume wangu nimemzika hapa," aliagiza neno. "Atakayenifukuza aje na jeneza." Zahiya alilia kwa hofu, kisha akacheka, maana ndivyo alivyokuwa dada yake: hata ukimwonea huruma, anakufanya ucheke.

Usiku kucha alijipa sababu za kutokwenda. Asubuhi alifunga gauni, mkasi, futi na daftari, akapanda chombo cha karafuu kilichokuwa kikipitia kisiwa cha Mwali.

Walifika Moroni siku ya tatu. Pale gatini palikuwa na askari kijana mwenye sare iliyompwaya, akipekua mizigo ya waliotoka upande wa pili. Alipolifungua daftari, akakaza uso.

"Hii ni nini?"

"Kazi yangu, baba."

"Kazi gani? 'Loutfia, tisini na mbili, sabini, mia na nane.' 'Bahiat, mia na nne, tisini, mia na ishirini.'" Alisoma kwa sauti, na kila alivyosoma watu waliokuwa kwenye foleni walizidi kunyamaza. "Hizi ni namba za siri. Hizi ni silaha?"

Mwanamke mmoja nyuma aliguna. Zahiya alihisi kicheko kinampanda bila ruhusa yake.

"Baba, hiyo tisini na mbili ni kifua. Sabini ni kiuno. Na hiyo ya mwisho," akashusha sauti, "ni pale anapokalia."

Foleni nzima ilipasuka. Askari alilifunga daftari kama aliyeshika kaa la moto, akalirudisha kwa mikono miwili. Shingo yake iliiva hadi nyuma ya masikio. "Pita, mama. Pita tu." Na Zahiya alipokwisha piga hatua mbili, alimwita tena kwa sauti ndogo. "Mama, hii suruali unaweza kuipunguza?" Akaipunguza pale pale, juu ya mfuko wa mchele, kwa pini nne, na hivyo ndivyo Zahiya wa Ndzuani alivyoingia Moroni katikati ya mgogoro.

Nyumba ya Batoul ilikuwa mji mkongwe, karibu na msikiti, ngazi tatu kutoka kichochoroni. Batoul mwenyewe alisimama mlangoni, mikono wazi, akiimba jina la mdogo wake kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, pasipo kujali nani anasikia lafudhi gani.

Wakakumbatiana. Na hapo Zahiya, katika ule utamu wa kunusa tena asumini ya dada yake, alihisi jambo ambalo lilimwondolea furaha kwa kitambo. Tangu ujanani, akimkumbatia Batoul, pua yake ilifika kwenye shavu la dada. Batoul alikuwa mkubwa kwa miaka saba na kwa kimo walikuwa karibu sawa. Sasa pua ya Zahiya iligusa ukingo wa kilemba cha dada yake, juu ya paji la uso, na mkono wake, uliokuwa mgongoni, ulipapasa kilima ambacho zamani hakikuwapo.

Walikula, wakataja wafu na waliozaliwa. Chahida alimbusu mama yake mdogo mikono yote miwili. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minane, mwalimu wa shule ya msingi, na mchumba wake Tawfik alikuwa mwalimu mwenzake kutoka Ikoni. Walipomaliza chai Batoul akasema, "Haya, fundi. Nivalishe uongo wako."

Alilivaa. Mbele lilifagia sakafu. Nyuma lilipanda, visigino vikaonekana. Chahida aliuma mdomo asicheke.

"Vua," Zahiya alisema. "Simama pale kwenye fremu ya mlango. Visigino vigusane na mbao."

Alimpima polepole, kama anayesoma maandishi yaliyofifia. Kiuno hadi chini: mia moja. Ile ile. Akapima mbele, bega hadi kiuno. Akarudia. Akarudia tena.

"Umeganda?" Batoul aliuliza.

"Thelathini na saba."

"Maana yake?"

"Maana yake miguu yako ni ile ile, dada. Kilichopungua ni hiki cha juu. Mbele umepungua sentimita tano, na nyuma umeongezeka kidogo kwa sababu mgongo umejikunja. Ndiyo sababu gauni linaburuta huku na kupanda huku." Aliweka kitabu juu ya kichwa cha dada yake, akachora alama ya penseli kwenye fremu, akapima toka chini. "Mia moja hamsini na tatu. Ulikuwa hamsini na tisa. Gauni si refu, Batoul. Wewe umekuwa mfupi."

Batoul alijishusha kitini, mkono mmoja mgongoni.

Ndipo akasimulia. Ramadhani iliyopita alinyanyua sufuria ya wali, akasikia kitu mgongoni, *ka*, kama kijiti kikavu. Alilala wiki tatu. Alimwambia kila mtu kwamba ni baridi imemwingia, akasuguliwa mafuta ya karafuu, maumivu yakapungua, akanyamaza. "Nina miaka sitini na moja," alisema. "Mgongo ukiuma katika umri huu, nani anauliza?"

Zahiya alikuwa akifunua kurasa za nyuma za daftari, zile zilizogeuka rangi ya chai. Aliusimamisha mkono. Mama yao, Rahmati, alizaliwa Patsy, kule juu ya Mutsamudu, na Zahiya alimshonea nguo zake zote tangu alipoanza ufundi. Mwaka 1972: kimo mia moja hamsini na saba. Mwaka 1979: hamsini na tatu. Mwaka 1985: arobaini na tisa, na kando yake, kwa mwandiko wa Zahiya mwenyewe: *futi imevutika, nunua nyingine*. Alikuwa amenunua futi mpya. Hakuwahi kufikiri kwamba kilichobadilika ni mama. Mwaka uliofuata Rahmati aliteleza uani penye maji, hatua moja tu, nyonga ikavunjika, na hakusimama tena mpaka alipofariki. Watu wa Patsy walisema ni jini wa ukoo, kwani bibi yao naye alikufa amejikunja kama ndoana.

"Kesho tunakwenda kwa daktari," alisema Chahida, naye hakuwa akiuliza.

Daktari Mouzaoir alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikio moja. Alimsikiliza Batoul, akamgonga mgongo pole pole kwa ngumi, akamtuma kupigwa picha. Umeme ulikuwa umekatika pale waliporudi na picha, kwa hiyo aliibandika kwenye kioo cha dirisha, jua la Moroni likapita ndani ya mgongo wa Batoul.

"Hizi ni pingili za uti wa mgongo," alisema. "Zinatakiwa ziwe kama vipande vya sabuni vilivyopangwa, pembe zote sawa. Hii sawa. Hii sawa. Sasa angalieni hii, na hii." Pingili mbili zilikuwa zimebonyea upande wa mbele, kama mkate uliokaliwa. "Zimevunjika. Si kwa kuanguka. Zimevunjika kwa sufuria ya wali. Mfupa mzima hauvunjwi na wali."

Batoul akasema, "Ulikuwa wali mwingi, daktari."

Alicheka, akavuta kiti karibu. Zahiya alipenda alivyoeleza, kwa sababu alieleza kama fundi kwa mafundi. Mfupa si jiwe, alisema, mfupa ni nyumba inayokaliwa. Ndani yake mna vibarua wa aina mbili, wanaobomoa palipochakaa na wanaojenga papya, na kazi haisimami mchana wala usiku. Ujanani wajenzi huwashinda wabomoaji, na mtu huweka akiba ya mfupa hadi kama miaka thelathini. Baadaye wanakwenda sambamba. Lakini mwanamke hedhi ikikoma, ile homoni iliyokuwa ikiwazuia mkono wabomoaji hupungua, nao wanabomoa haraka kuliko wenzao wanavyoziba. Mfupa unabaki na umbo lake nje, ndani umekuwa matundu matundu kama sifongo. Hauumi. Hautoi taarifa. Siku unayojua ni siku mfupa unapovunjika. Kwa Kifaransa ugonjwa huu huitwa ostéoporose.

"Wabomoaji wengi kuliko wajenzi," Batoul alirudia. "Daktari, hapo umeniambia habari za mgongo wangu au za nchi yetu?"

Daktari alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. Kisha akawa mtu wa kazi tena. Kuna mashine, alisema, inayopima msongamano wa mfupa kwa namba, lakini haipo katika visiwa hivi. Hata hivyo mtu wa umri huu ambaye pingili zake zimevunjika bila ajali hahitaji namba ili aaminiwe. Kinachohitajika ni kuhakikisha kwamba hakuna mwizi mwingine aliyejificha nyuma ya huyu: saratani ya uboho, tezi ya shingo inayokwenda mbio, mifupa iliyolainika kwa kukosa jua. Damu na mkojo vingesema. "Siku nne," alisema.

Zahiya ndipo akaliweka daftari mezani, kwa aibu kidogo, na kumwonyesha ukurasa wa mama yao. Daktari alisoma mstari kwa mstari. Akafunua mwingine. Akafunua na mwingine tena.

"Umeandika haya kwa muda gani?"

"Tangu 1969."

"Mama," alisema Daktari Mouzaoir, "mimi nina wagonjwa ambao hakuna mtu aliyewahi kuwapima kimo hata mara moja. Wewe una kisiwa kizima."

"Basi ni jini?" Zahiya aliuliza. "Mama, na bibi, na sasa dada."

"Ni urithi. Unene wa mfupa kwa sehemu kubwa tunaupata kwa wazazi. Lakini usitafute mkosaji mmoja. Vinasaba vinavyohusika ni vingi, kila kimoja kinatia kidogo, kama pilau la harusi lililopikwa na wanawake arobaini. Huwezi kujua chumvi imetiwa na nani. Binti ambaye mama yake alivunjika nyonga yuko karibu zaidi na hatari. Yuko karibu, sikusema ameshafika. Chakula, jua, kutembea, hayo ni mikononi mwake." Alimtazama Zahiya. "Na wewe? Hedhi ilikoma lini?"

Zahiya aliangalia sakafu. "Nikiwa na miaka arobaini na tatu."

"Mapema. Simama ukutani."

Hapo ndipo Zahiya alipojua wanavyojisikia wanawake wanaosimama mbele yake wakishikilia pumzi. Kimo chake mwenyewe alikiandika ukurasa wa kwanza wa daftari: mia moja na sitini. Daktari aliteremsha ubao hadi kichwani, akasoma.

"Mia moja na sitini kasoro nusu."

Batoul alipiga kigelegele ndani ya chumba cha daktari, na wagonjwa waliokuwa nje kwenye benchi, bila kujua kuna nini, wakakijibu.

Siku nne zile zilikuwa ndefu. Neno saratani lilikaa nao mezani. Batoul alipika na kuimba kuliko kawaida, na Zahiya, aliyemjua, alijua anaogopa. Walilala kitanda kimoja kama zamani, wakazungumza juu ya mama yao, jinsi walivyomkaripia kwa kutembea ameinama, "Nyooka, mama, nyooka!", na yeye akijibu kwamba anatafuta sindano chini. Walilia kidogo kwa hilo. Hawakulia sana.

Siku ya tano majibu yakatoka. Uboho safi. Tezi safi. Mwizi ni mmoja na jina lake linajulikana. Ipo dawa, daktari alisema, inayowafunga mikono wabomoaji. Inanywewa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, na mtu akiisha kuimeza asilale wala asile kwa nusu saa, akae wima. Tatizo ni kuipata. Tawfik alikuwa na kaka kisiwani Reunioni, na kabla ya jua kuchwa alikwisha mpigia simu.

Na simu hiyo ndiyo iliyoleta balaa, kwa sababu simu ilipigiwa Ikoni, nyumbani kwa mama yake Tawfik, na majirani wa Ikoni wana masikio marefu. Kesho yake sokoni mtu alimwambia Batoul, kwa huruma ya uongo, kwamba watu wanasema ukoo wa bibi harusi una mifupa ya chaki. Wajukuu watazaliwa wanavunjika. Tena wa Ndzuani. Kwani hakukuwa na wasichana hapa?

Chahida alijifungia chumbani. "Wakivunja, wavunje," alisema kupitia mlangoni. "Afadhali harusi kuliko mgongo." Lakini sauti yake ilikuwa imelowa.

Alasiri hiyo hiyo teksi ya Ikoni ilisimama mwanzo wa kichochoro, akashuka bibi mnene aliyevaa manjano, amefuatwa na wanawake wawili wasiocheka. Zahiya alichungulia dirishani. "Loutfia," Batoul alinong'ona. "Mama yake Tawfik." Akajinyoosha kadiri alivyoweza, akaenda kuufungua mlango.

Salamu zilikwenda kwa urefu wake wote, afya, watoto, mvua. Loutfia alikaa, akakataa juisi, akakubali juisi. Kisha akamkazia macho Zahiya.

"Ni wewe fundi wa Ndzuani unayepima mifupa kwa futi?"

Zahiya aliweka gilasi chini. "Ni mimi, dada."

Loutfia alikunja mkono wa gauni. Kifundo cha mkono wake wa kuume kilikuwa kimepinda kidogo, kama tawi lililoungwa vibaya. "Mwaka jana niliteleza mlangoni pangu. Nikajishika kwa mkono huu tu, ukavunjika. Wakasema jicho baya. Nikafukiza ubani hadi majirani wakakohoa. Na mwaka huu kila gauni langu linaburuta." Akasimama. "Nipime."

"Lakini sina kipimo chako cha zamani, dada. Yule Loutfia wa daftarini ni mwingine."

"Basi safari yangu ni bure?"

Zahiya alikumbuka jambo ambalo daktari alimwelekeza wakati wakiagana. Alimtaka Loutfia anyooshe mikono pande zote mbili, kama anayetaka kukumbatia chumba, akapima toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Mikono haifupiki, alieleza. Kwa watu wengi, upana wake unakaribia kimo alichokuwa nacho mtu ujanani. Mikono ilisema mia moja sitini na mbili. Ukuta ulisema mia moja hamsini na saba.

Wale wanawake wawili wasiocheka walitazamana.

"Futi si daktari," Zahiya alisema upesi. "Inakwambia uende tu. Picha ndiyo itakayosema."

Lakini Loutfia alikuwa ameanza kutikisika mabega, na ilichukua muda kujua kwamba anacheka. Alimwendea Batoul, akamshika mikono yote miwili. "Mwenzangu! Wamenijazia masikio kwamba nyumba yako itatutia mifupa ya chaki, kumbe chaki ninayo mwenyewe. Basi wajukuu wetu watarithi huku na huku, na hakuna wa kumtupia mwenzake lawama. Yuko wapi mwanangu Chahida? Mwite atoke. Mpe maziwa anywe!"

Chahida alitoka na macho mekundu, akapewa maziwa, akayanywa yote amesimama huku Loutfia akihesabu mafunda. Halafu wale wanawake wawili wakavua viatu na kujipanga ukutani, na kabla ya magharibi nusu ya mtaa ilikuwa imesimama kwenye fremu ya mlango wa Batoul, wake wa wavuvi na wa makarani, wengine wakisimamia vidole na kukemewa, wengine wakidai kitabu kimewekwa kwa upendeleo. Wanne walitumwa kwa Daktari Mouzaoir, na Loutfia akiwa wa kwanza. Hakuna aliyemuuliza Zahiya anatoka kisiwa gani.

Gauni alilifumua lote. Mbele alikata, nyuma akaongeza kipande, na juu ya kile kilima cha mgongo, mahali ambapo fundi mwingine angeficha kwa mtandio, alitarizi ua kubwa la langilangi kwa uzi wa dhahabu. Siku ya harusi Batoul, aliyekatazwa kuinama na kunyanyua chochote kizito kuliko birika, aliketi juu ya kiti kirefu jikoni na kuwaamrisha wapishi kwa mwiko, hakugusa sufuria hata moja, na baadaye walikiri kwamba wali haujawahi kupikwa kwa hofu kiasi kile. Ngoma ilipoanza alisimama. Alikuwa ameuliza, na daktari alikuwa amejibu kwamba mifupa hupenda kubebeshwa uzito wa mwili. Anayetembea na kucheza anaipa kazi, na isiyopewa kazi huenda zake. Kwa hiyo alicheza. Hakuinama, hakuzunguka kwa kasi. Alikwenda mbele na kurudi, kifua wazi, kichwa juu, Loutfia kushoto kwake na Zahiya kulia, na wanawake wa Ikoni wakajibizana vigelegele na wale wachache wa Ndzuani waliothubutu kuja, mpaka haikuwezekana tena kujua ni vya nani.

Dawa ilifika kutoka Reunioni wiki moja baada ya harusi, makopo mawili, moja la Batoul na moja la Loutfia, ambaye picha yake nayo ilikuwa imesema. Zahiya aliondoka Moroni mwezi wa Septemba. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata wakubwa walikaa Fomboni wakatia saini, na mambo yakaanza kulegea kidogo kidogo, kamba moja baada ya nyingine.

Zahiya hakupewa dawa. Alipewa maagizo: dagaa na mifupa yao, maziwa yakipatikana, jua la asubuhi, na kutembea kwa miguu. Mtu anayekaa kwenye kiti cha cherehani toka alfajiri hadi adhuhuri, daktari alisema, anawafunza wajenzi uvivu. Kwa hiyo alichagua barabara ya kupanda Patsy. Siku ya kwanza alikwenda peke yake na kurudi njiani, anahema, akijifanya amesahau kitu. Wiki ya pili alikuwa na Bahiat, mteja wake wa miaka mingi, aliyepungua sentimita nne na kukasirika sana kwa hilo. Mwezi wa tatu walikuwa wanawake kumi na mmoja, shiromani zao, nguo za kujitanda, zimefungwa viunoni, wakipanda mlima kabla jua halijawa kali, wakisengenya kwa pumzi chache walizobakiza.

Asubuhi moja, pale juu ambapo nyumba za kwanza za Patsy zinaanza na karafuu zimeanikwa kwenye mikeka, mzee mmoja alisimamisha ufagio wake akawatazama wanavyokuja, wengi hivyo, mapema hivyo, jasho likiwatiririka.

"Poleni, wanangu," alisema. "Nani amefariki?"

"Hajafa mtu, baba," Bahiat alijibu, ameshika kiuno. "Tumekuja kufanyia kazi mifupa."

Mzee alifikiri. Aliingia ndani, na baada ya muda akatoka amemshika mkono mkewe, bibi mdogo aliyeinama, mwenye tabasamu la meno matatu na kandambili mpya miguuni.

"Basi mchukueni na huyu," alisema. "Lakini mtembee polepole."

Wakampa mahali katikati, wakaanza kuteremka.